Masanduku ya Chai Uani kwa Bi Tatu

Habari za kifo cha Somoe zilinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, najipaka dawa ya magoti. Aliyepiga simu ni binti yake, Siwema, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alisema mama amezikwa jana, akaniomba radhi kwamba namba yangu ilichelewa kupatikana. Nikasema inna lillahi, nikakata simu, nikamalizia goti la pili. Ukishakuwa mtu mzima sana hulii papo hapo. Mwili unamaliza kwanza shughuli uliyokuwa nayo mkononi. Kilio kilikuja jioni, nachambua mchicha wa kununua, umejaa mchanga, mchicha ambao Somoe asingeuruhusu kukaribia sufuria yake. Nililia na beseni mapajani mpaka mjukuu wangu akaja kuniuliza kama nimejikata.

Nilizaliwa wapi, na nani alinileta Dar es Salaam, hayo nayaacha. Wanangu wanayajua na wameyachoka. Nataka kusema habari za mwaka mmoja, ule tuliouita mwaka wa unga wa njano, na nyumba moja ya Kariakoo iliyokuwa mali ya bibi mmoja mjane, Bi Tatu. Unga ule ulikuja kwa meli, tukausonga mji mzima, na sikumsikia mtu hata mmoja akiusifu. Sabuni ilikuwa hadithi. Ukisikia duka la ushirika limepata sabuni, unaacha chungu jikoni unakimbia kuweka jiwe lako kwenye foleni, jiwe likushikie nafasi wakati unarudi kuepua. Na watu waliheshimu jiwe kuliko walivyoheshimiana wao kwa wao. Mimi nilikuwa msichana wa kiwanda cha nguo. Nilitengeneza vitenge kutwa nzima na mwenyewe nilikuwa na khanga moja isiyo na mwenzake. Nikikumbuka mwaka ule sikumbuki njaa, maana njaa hasa hatukulala nayo. Nakumbuka uchovu. Ulikuwa uchovu wa kutafuta, kila kitu kilitafutwa, hata kiberiti, na mtu alirudi nyumbani jioni amechoka kwa vitu alivyovikosa.

Nyumba ya Bi Tatu ilikuwa kama nyumba zote za Kariakoo za wakati ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na bomba lililotoa maji lilipojisikia. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati. Ziliishia njiani, na hewa ya juu ilikuwa moja kwa wote. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anamwambia pole. Chumba changu kilipakana na cha Bi Tatu. Mkabala na changu, upande wa pili wa ukumbi, alikaa Somoe, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mtu wa Tunduru, ameachwa na mume na hataki kumzungumzia. Alikaanga mihogo kwenye kona ya kuelekea sokoni. Mihogo yake ilijulikana. Wachukuzi wa mizigo wa shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, walipanda juu kumfuata yeye na kuwapita wakaangaji wengine njiani. Alikuwa na sauti kubwa, na alinifanya niwe na dada mjini, jambo ambalo sikuwa nalo kabla.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa pwani, mwembamba, mstaafu wa bandarini. Yeye na Somoe walikuwa watani kwa makabila yao, utani wa tangu mababu, na waliutumia kila siku ya Mungu. Mzee akipita mbele ya karai la mihogo anachukua kipande na kuondoka nacho, kwa kuwa mtani hadaiwi. Somoe naye akifika barazani kwa mzee anamwuliza mkewe kama marehemu bado anakula. Wageni waliokuwa hawajui walishtuka. Sisi tulikwisha zoea, na ndipo ubaya ulipotokea baadaye, kwamba tulizoea mno.

Siku moja Mzee Kibwana alituita barazani. Alisema safari hii si maneno ya mkutano: asiye na kazi anaondolewa mjini, lori litapita mtaa kwa mtaa, na watu watapelekwa vijijini wakazalishe. Somoe akamwuliza, "Na anayekaanga mihogo je?"

"Mihogo si kazi," mzee akasema. "Ile ni harufu."

Tulicheka wote. Kisha mzee akasema bila kucheka kwamba mwenye ajira anajulikana, mwenye shamba anajulikana, na waliobaki yeye hana la kuwasemea. Somoe alirudi ndani. Nilimkuta amesimama mlango wa uani anautazama ule ua, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, shamba linaanzia ukubwa gani?"

Kizuizi cha kwanza kilikuwa Bi Tatu. Ua wake wote ulikuwa saruji. Aliimwaga mumewe enzi saruji inapatikana, na bibi yule hakuwa tayari kuona jembe wala nyundo ikiigusa. "Saruji hii ni kaburi la marehemu," alisema, ingawa marehemu alizikwa Kisutu. Kwa hiyo shamba ilibidi likae juu ya saruji, na ili likae juu lilihitaji kuta, na mbao hazikuwa na mahali pa kununuliwa. Hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza hasa, mwaka wa kuokota.

Tulianzia Feri, kwa sababu masanduku ya samaki yaliyovunjika yalikuwa yakitupwa pale karibu na maji, na mvuvi mmoja alimwambia Somoe achukue apendavyo. Tuliyabeba kichwani mpaka Kariakoo, watu wakitupisha njia kwa ule uvundo. Tukayaunga, tukayajaza udongo, Somoe akasia mchicha, akaswali. Asubuhi yake tuliamka na paka. Sijui waliambizana wapi, ila paka wa mtaa mzima walikuwa wamehamia uani kwetu, wanafukua udongo wakitafuta samaki aliyeuzwa na kuliwa zamani. Bi Tatu aliwakimbiza kwa ufagio mpaka akachoka, akaketi akacheka. Mbegu zilizonusurika na paka zilichipua, zikasimama kidogo, halafu majani yakaungua pembeni na kulala. Chumvi. Mbao zile zilikuwa zimekunywa maji ya bahari maisha yao yote, nasi tukazimwagilia kila jioni zikaitema kwenye udongo wetu. Wanawake wawili tuliokuwa tukila samaki wa chumvi tangu utoto hatukulifikiri hilo. Somoe alichukua miche iliyokufa akaitupa kwa kuku wa jirani, nao wakaikataa.

Basi tukayabomoa. Mbao hazikufaa ila misumari ilifaa, na msumari mwaka ule ulikuwa mali. Tuliing'oa mmoja mmoja, na kila nilipotoka kiwandani nilimkuta Somoe ameketi kwenye kibao cha mbuzi, msumari uko juu ya jiwe la kupondea pilipili, anaunyoosha kwa mchi wa chuma. Nami naketi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kutwa nzima kwa mashine, na sasa inapigwa na mchi. Kuna jioni nilimchukia. Nilitaka kulala tu, nisione msumari wala mbao, na yeye anasema, "Huu nao, mdogo wangu, huu nao bado una akili." Nilinyoosha. Nikitazama vidole vyangu leo, vilivyopinda, najiambia vimelipiziwa kisasi na ile misumari.

Mbao zenyewe zilitoka Mchafukoge. Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja, mama mtu mzima aliyeitwa Mama Hansa, akiuza chai ya kupima na viungo. Mwaka ule rafu zake zilikuwa tupu, na nyuma ya duka yalirundikana masanduku ya chai, yale ya mbao nyembamba yenye bati pembeni na karatasi ya fedha ndani. Somoe alimsalimu, akamweleza shida bila kuficha. Mama Hansa alimsikiliza akipepea nzi ambao hawakuwa na cha kutua juu yake.

"Chukua," akasema. "Hayana chai, mimi nayafanyia nini? Lakini panda uwatu kidogo. Majani ya uwatu sijayaona sokoni tangu lini. Mume wangu anauliza kila siku, mimi nimechoka kumjibu."

Akaingia ndani akatoka na mbegu za uwatu kwenye kipande cha gazeti, zilezile za jikoni. Tukarudi Kariakoo na masanduku kwenye mkokoteni wa mchukuzi mmoja aliyelipwa kwa mihogo. Bi Tatu alipoyaona hayanuki alilainika, akatoa hata mlango wa zamani wa choo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Tukaukata ukawa kuta za tuta refu. Udongo tuliuchota bonde la Jangwani kwa ndoo. Mbolea ilitoka sokoni shimoni, majani ya kabichi yaliyooza na kinyesi cha matenga ya kuku. Tulitia bisibisi kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, tukatoboa matako ya masanduku maji yapite, tukayakalisha juu ya vipande vya matofali ili saruji ya marehemu isilowe. Na kwa kuwa sabuni haikuwepo, maji ya kuogea yalikuwa safi. Nyumba nzima ilioga imesimama ndani ya beseni, na maji yote yakaenda kwenye bustani.

Mchicha ulitoka kwa hasira. Sijawahi kuuona tena mchicha wa namna ile, jani pana kama sahani ya chai. Uwatu ukafuata, na bamia kwenye tuta la mlango. Tulikula. Ugali wa njano na mchicha wa nazi, siku nazi ilipopatikana, kila mtu kwenye mkeka mmoja uani, na Somoe akitazama kila mdomo unavyotafuna. Alibadilika. Alikuwa anaamka kabla ya adhana kuyatazama majani. Akamwambia mteja aliyemwita mama mihogo, "Mimi mkulima, mihogo nakaanga kwa kupumzika." Jirani walikuja kuuliza jinsi ya kutoboa masanduku. Nami, nitasema kweli, nilifurahi hata uchovu ukapungua, kwa sababu niliona dada yangu haondoki.

Jioni moja Mzee Kibwana alikuja, akasimama katikati ya bustani, mikono nyuma. Kisha akasema, "Wewe mwanamke, upunguze mkono. Mchicha huu ukizidi hivi watakupakia wewe wa kwanza, wakupeleke ukalishe nchi."

"Watakupakia wewe," Somoe akamjibu, "ukatishie ndege mpungani. Sura unayo tayari."

Tulicheka. Bi Tatu alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee alitutazama, akafungua mdomo, akaufunga, akachuma jani moja la uwatu akaondoka akilitafuna. Nimeirudia picha ile miaka mingi, na kila mara namwona akiufungua na kuufunga ule mdomo.

Walikuja wakati wa mchana. Nilikuwepo kwa sababu umeme ulikatika kiwandani wakaturudisha. Alikuwepo afisa kijana, mgambo pembeni yake, na Mzee Kibwana akiwaongoza. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, alisema shikamoo kwa Bi Tatu, akaomba maji, akanywa yote. Alipofika uani alisimama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Nani kalima hapa?"

Mzee Kibwana aliwahi. "Ya nyumba nzima hii, bwana afisa. Wote wanashika. Huyu mama anasaidia kumwagilia tu."

Somoe akamgeukia, mikono kiunoni, anacheka. "Msimsikilize huyo, mtani wangu, anataka kuninyang'anya hata mchicha. Nimelima mimi. Udongo nimebeba mimi, masanduku nimetafuta mimi. Muulizeni yeye kama anajua hata mbegu inatazama wapi."

"Mimi nasema ni ya wote," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Na mimi nasema mzee huyu ni mwongo tangu kwa babu yake."

Mgambo akacheka. Afisa akainama, akagusa udongo, akauliza kuhusu mbolea, Somoe akamweleza yote, ya kabichi na ya kuku, kwa sauti yake ile kubwa. Alikuwa mzuri siku ile. Afisa akasimama, akapangusa mikono.

"Mama, unafaa," akasema. "Kuna kijiji huko Rufiji, maji yapo, ardhi ipo, hawana anayejua mboga. Mtu kama wewe analima ndani ya masanduku, kule kuna ardhi mpaka macho yachoke. Jiandae, gari linapita Ijumaa."

Nilidhani Somoe hakusikia, maana aliendelea kutabasamu. Kisha akasema taratibu, "Lakini mimi nina shamba hapa."

"Ndiyo maana, mama," afisa akasema, na akasema kwa upole kabisa.

Ijumaa gari lilipita. Walioitwa wazururaji mtaani kwetu walikuwa wamekwisha potea, wamejificha Buguruni na Temeke kwa ndugu, na baada ya wiki chache walirudi kwenye kona zao. Somoe hakujificha. Alisema hawezi kujificha mtu aliyejionyesha mwenyewe. Alifunga mzigo, akachukua sanduku moja dogo la chai na miche yake ndani. Mgambo alitaka kulikataa, afisa akasema aliache, ni zana ya kilimo. Mzee Kibwana alisimama upande wa pili wa barabara. Hawakutaniana. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanatazamana kama watu wasio na cha kusemezana, na hilo liliniumiza kuliko gari lenyewe.

Jioni ile nimelala kitandani na nguo za kazi, nikasikia sauti zao juu ya ukuta, mzee na Bi Tatu.

"Nilimwambia," mzee alisema. "Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Nilikwisha yasikia kwenye kikao, kwamba wanatafuta wanaojua kulima."

"Ulimwambia kwa utani, Kibwana."

"Ningemwambia kwa lipi? Miaka yote hiyo sijasema naye neno la kawaida hata moja. Nilipotaka kulisema sikulipata."

Nilisikia Bi Tatu anamimina kahawa, na mzee akipenga kamasi. Nilikuwa na hasira naye mpaka wakati ule, na pale hasira ikaniishia nikabaki na uchovu peke yake. Hakumtania mtu tena hadharani, yule mzee. Mihogo ya kona ile ikakaangwa na mwingine, naye alipopita alilipa.

Niliendelea kumwagilia. Nilimpelekea Mama Hansa uwatu wake, akanusa amefumba macho, kisha akauliza yuko wapi yule mama. Nikamwambia amepelekwa kulima. Akalitazama lile fungu la majani mikononi mwake. "Si alikuwa analima?" akasema. Nikamwambia alikuwa analima. Masanduku yalidumu mpaka mvua za mwaka uliofuata, yakavimba, yakaachia misumari. Niliiokota, nikainyoosha tena, nikaiweka kwenye kopo, na sikuitumia.

Somoe alikuja Dar mara moja, na Siwema mgongoni, miaka ikiwa imepita. Nilimwuliza kwa nini hakurudi kama wengine. Alikuwa anakula, akamaliza tonge. "Nilichoka, Rehema," akasema. "Nilichoka kuulizwa nafanya nini hapa. Kule hawakuniuliza." Akaniambia amepata mume mwema na shamba kubwa. Sikumwuliza kama ana furaha. Siku zile watu hatukuulizana hivyo, na leo najilaumu kidogo, halafu nasahau.

Nilikwenda Rufiji baada ya ile simu, na magoti yangu, safari ya kutwa. Siwema alinipokea kwa kilio, akaniita mama mdogo. Nilipotulia niliomba kuoga, akanipeleka nyuma ya nyumba, na nilipotoka ndipo nikaona. Mbele ya jiko kulikuwa na safu: sanduku la soda lililotandikwa gunia, debe lililopasuliwa ubavu, beseni lililotoboka, nusu ya mtumbwi mkongwe, vyote vimekalishwa juu ya vipande vya matofali, na ndani mchicha, bamia, uwatu. Na nyuma ya safu ile ilikuwa ardhi, nyeusi, tupu, mpaka kwenye miti ya mbali.

"Siwema," nikamwambia, "ardhi yote hii, mbona mboga hamzipandi chini?"

Alinitazama kama mtu anayejaribiwa.

"Chini tunapanda mahindi. Mboga mama alikataa. Alisema mboga Dar es Salaam zinalimwa hivi, juu ya matofali, na yeye ni mtu wa Dar." Kisha akawa na wasiwasi. "Kwani si kweli, mama mdogo? Watu hapa walikuwa wanamcheka."

Beseni la maji niliyoogea nilikuwa nimetoka nalo, liko pale miguuni kwangu. Nililiinua, magoti yakalia, nikayamimina taratibu kwenye ule mtumbwi, upande wa uwatu.

"Kweli," nikasema. "Ndivyo tunavyolima."